Kamati ya Shahada ya Risper

Lodwar, 18 Januari 2025

Senge mpendwa, shangazi yangu,

Nakusalimu kutoka kwenye joto. Huku watu hawaulizani habari za asubuhi, wanaulizana habari za maji. Mimi ni mzima, kazi ya shirika inaendelea, na watoto wa kituo wananiita Mwalimu ingawa nimewaambia mara nyingi kwamba mimi ni karani tu. Mgongo wako unaendeleaje? Yule ng'ombe mwenye pembe moja ameshazaa? Nisalimie Quinter wa saluni na jirani wote wa hapo Matungu.

Nakuandikia barua kwa sababu nikikupigia simu unaweka spika kwa ajili ya sikio lako, na nyumba nzima inachangia. Jambo hili nataka ulisikie wewe peke yako.

Nataka kurudi chuo, Senge. Digrii yangu ya kwanza ya saikolojia haitoshi kunikalisha na mtu mwenye shida, inatosha kunikalisha na makaratasi yake. Nimeomba nafasi ya shahada ya uzamili mahali pawili. Nairobi nimeomba saikolojia ya tiba, na pale Kakamega mjini nimeomba ushauri nasaha. Zote mbili zinaelekea kwenye kazi ya kuwatibu watu kwa mazungumzo, lakini njia ni tofauti na siwezi kuchagua mara mbili. Wewe ni senge yangu, na mambo mazito ya msichana huenda kwa senge wake, dada ya baba. Unanionaje mimi, nafaa wapi? Tafadhali usimwambie mtu.

Baba yuko aje? Kila nikipiga mnaniambia amelala, hata saa nne asubuhi.

Wako,
Risper


Matungu, 20 Februari 2025

Risper mwanangu,

Mulembe. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai kwenye bahasha. Mimi niliyepiga mihuri posta mpaka nikastaafu nakuambia zamani zetu jambo kama hilo lingemfukuzisha mtu kazi. Mgongo uko vilevile. Ng'ombe amezaa dume. Miwa yetu imekomaa, inangoja lori, lori linangoja kiwanda, na kiwanda hatujui kinangoja nini. Quinter anakusalimia na anasema urudi usukwe, maana hiyo picha uliyotuma imemtia aibu.

Umesema nisimwambie mtu, na sikumwambia mtu. Nilimwambia Baba Mkubwa wako Osiako peke yake, ambaye ni mkubwa wa ukoo na haiwezekani kumficha. Unajua alivyokuwa hedimasta. Jambo likimfikia haliwezi kulala bila kuundiwa kamati. Basi ikaundwa. Yeye ni mwenyekiti. Binamu yako Masinde, kwa vile anafanya kazi ofisi za kaunti na ana kalamu mbili mfukoni, ni katibu. Pasta anafungua na kufunga kwa maombi, na mimi ni chai.

Tulikaa Jumapili baada ya ibada. Osiako alisema huo ushauri nasaha haujui. "Mimi nimenasihi watoto wa shule kwa kiboko miaka yote," akasema, "na hakuna hata mmoja alirudi kulalamika. Sasa hiyo ndiyo mtu anasomeanga masters?" Pasta akasema kuna kozi ya ushauri wa kichungaji, inakwisha kwa muhula mmoja, hawaulizi maswali mengi, na cheti kinakuja tayari kwenye fremu. Hapo Masinde akasimama. Alisema penye neno tiba pana koti jeupe, na penye koti jeupe pana Daktari, na kwamba ukoo wetu ndio pekee kutoka hapa mpaka sokoni ambao emsii, yule mwongoza shughuli, akitaja wageni waheshimiwa kwenye matanga hautajiwi hata mtu mmoja. Maneno hayo yaliwagusa watu. Hata mimi yalinigusa.

Ikapigwa kura. Hongera mwanangu, umechagua saikolojia ya tiba.

Babako anakusalimia. Yuko, anapumzika.

Senge wako,
Alice


Lodwar, 9 Machi 2025

Senge,

Natumaini ndama anaendelea kunyonya na mgongo umepata nafuu. Hapa mvua ilinyesha kwa robo saa, ofisi nzima tukatoka nje kuitazama.

Nashukuru kwa kunijulisha nilichochagua. Kabla kamati haijaninunulia koti, naomba nieleze mambo machache. Mwenye shahada ya uzamili haitwi Daktari, awe amesomea nini. Saikolojia ya tiba itanipeleka wodini, nijifunze kupima na kuutambua ugonjwa wa akili, nifanye kazi bega kwa bega na madaktari. Ushauri nasaha utanikalisha na mtu aliyefiwa, au aliyeachishwa kazi, au asiyelala, wiki baada ya wiki, mpaka apate maneno yake mwenyewe. Nazipenda zote mbili na ndiyo maana silali.

Kuna jingine. Mtu akikuletea shida zake katika kazi hii, zinabaki pale. Humwambii mumewe wala pasta wake. Bila hilo hakuna kazi. Pia mwanafunzi mwenyewe anatakiwa kwanza akae upande wa pili wa meza, aongee yake na mshauri, kabla hajaruhusiwa kuyasikiliza ya wengine. Mimi nimeshaanza. Namwona mtawa mmoja wa misheni hapa kila Alhamisi. Si kwamba naumwa. Ni sehemu ya kujitayarisha, na kusema kweli inanisaidia.

Haya nayasema kwako tu. Usiisome barua hii mbele ya watu.

Na hukunijibu kuhusu Baba. Anapumzika kutoka kazi gani? Kiwanda kilishawaachisha wote.

Risper


Matungu, 2 Aprili 2025

Risper mwanangu mgonjwa,

Pole sana. Hatukujua. Tulidhani ni joto tu.

Nieleze ilivyokuwa, usikasirike. Ajenda ya pili ya kikao cha kamati ni "Barua Zilizopokelewa". Masinde aliniuliza mbele ya wote kama kuna barua iliyopokelewa. Mimi nimefanya kazi posta, siwezi kusema barua haikufika ilhali imefika. Miaka yote ile sikufungua bahasha ya mtu, lakini hii ilikuwa na jina langu, kwa hivyo niliifungua kihalali na kuisoma kwa sauti, mpaka pale uliposema nisisome mbele ya watu. Hapo nilisita. Osiako akasema sentensi hiyo iko mwishoni, kwa hivyo imechelewa.

Waliposikia unamwona mtawa kila Alhamisi, pasta aliomba mpaka chai ikapoa. Masinde ameandika kwenye kumbukumbu kwamba mwanafunzi anaendelea na matibabu. Osiako anauliza kama mtu anaweza kusomea kutibu ugonjwa alio nao yeye, na kama chuo kinalijua jambo hili. Mimi nilikutetea. Nilisema hata fundi cherehani huanza kwa kujishonea.

Sasa habari njema. Nimekuanzishia kazi. Pasta alipotangaza kanisani kwamba unasomea mambo ya mioyo ya watu, walianza kuja hapa, na wewe hupo, nikaona si vizuri warudi mikono mitupu. Nawakalisha barazani. Wanaongea, nawaambia la kufanya, wanakunywa chai, wanaenda. Na hilo jambo lako la siri nalizingatia sana. Mfano mmoja: Quinter amepata matatizo na mumewe. Jumapili nilimwombea kanisani, na jina lake sikulitaja kabisa. Nilisema tu tumkumbuke dada yetu mwenye saluni ya mabati ya kijani pale sokoni, ambaye mume wake amehamia Bukura kwa mwanafunzi wa kilimo. Watu wote waligeuka kumtazama Quinter, lakini si mimi niliyemtaja.

Kwa hivyo fanya haraka na hayo masomo. Kuna kazi hapa nyumbani inakungoja wewe, hatukutaka kumpa mtu mwingine.

Babako alikula obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda Jumapili, akamaliza sahani.

Senge wako


Lodwar, 27 Aprili 2025

Senge,

Salamu zangu leo ni fupi kwa sababu nimekasirika.

Mwombe Quinter msamaha. Nenda kwake kwa miguu, ingia, funga mlango, mwombe. Usimwombee msamaha kanisani. Watu waache kuja barazani, waambie nimekataza.

Vyuo vyote viwili vimenikubali. Natakiwa kujibu kabla ya Agosti kuanza, na bado sijui nitajibu nini. Ila kuna sheria moja ya kazi hii ambayo ni lazima muijue sasa, kabla kamati haijakaa tena. Mshauri hatibu jamaa yake, akisoma Nairobi au Kakamega. Mama yake, kaka yake, binamu yake, hapana. Mtu wako huwezi kumsikiliza kama mgeni anavyoweza kumsikiliza, utasikia unachotaka kusikia, naye atakuficha lile hasa linalomuumiza. Nikifanya hivyo naweza kunyang'anywa leseni.

Umeandika kuna kazi inaningoja nyumbani. Kazi gani, Senge? Ni Baba?

Risper


Matungu, 30 Juni 2025

Risper,

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Nilikuwa nitasingizia mvua, halafu ng'ombe, halafu posta, lakini posta siwezi kuisingizia.

Nilienda kwa Quinter. Nilifunga mlango kama ulivyosema. Alinisema vizuri sana, nikamwacha amalize, na nilipotoka alinisindikiza mpaka barabarani, kwa hivyo nadhani yamekwisha.

Kamati ilipokea ile sheria vibaya. Osiako aliuliza serikali gani inaruhusu mtoto asomeshwe na ukoo halafu atibu watu wa nje. Masinde akachukua karatasi akaanza kuandika ni nani hapa si jamaa yako. Alianza na majirani, akapita sokoni, akafika mpaka Mumias. Kila jina tukilitazama, ama tumewaoa au wametuoa, au nyanya zetu walizaliwa boma moja. Tulipomaliza alikuwa amebaki yule Mkamba anayeuza viti na msichana wa benki. Osiako akasema kwa hao wawili hatuhitaji masters. Kisha Masinde, kwa uzito kabisa, akauliza kama kamati inaweza kupitisha azimio kwamba Cornelius asihesabiwe kuwa babako kwa muda wa miaka miwili, halafu arudishiwe. Walijadili. Pasta alitaka kujua kama atarudishiwa na haki zote.

Mimi nilitoka nje. Nilicheka nyuma ya jikoni, halafu nikagundua silii kwa kicheko.

Ndiyo, Risper, ni babako.

Unakumbuka alipokufa Wangila, rafiki yake wa kiwandani. Wewe hukuweza kuja. Walikuwa wamesimamia bwela, lile tanuri la mvuke la kiwanda, pamoja tangu hujazaliwa, na wakaachishwa siku moja. Wangila akapata presha na hakumaliza mwaka. Kwenye mazishi emsii alimwita babako azungumze kwa niaba ya wafanyakazi. Alishika maikrofoni akasimama. Hakusema kitu. Tulingoja, watu wakaanza kukohoa, kwaya ikamwokoa kwa wimbo. Emsii akasema, "Mzee Cornelius amezidiwa, wacha apumzike." Akakaa. Na tangu siku ile hajaongea. Anajibu ndiyo na hapana, basi. Watu wakiuliza tunasema anapumzika, kwa sababu ndilo neno tulilopewa.

Asubuhi anavaa ovaroli ya kazini na buti, anafunga kamba za buti, halafu anakaa kitandani mpaka jioni. Kisha anavua. Siyo kwamba amelala ukipiga. Amekaa pale, anasikia sauti yako kwenye spika.

Nilitaka kumpeleka hospitali mwaka jana. Osiako akasema jambo la kichwa haliwezi kuonyeshwa wageni, litawaharibia hata watoto ndoa, na kwamba Mungu ametupa Risper aliyesomea hayohayo, tungoje. Nami nilikubali. Kila nilipokujibu nilikuwa nakungoja wewe umalize.

Nimetoa kamba yote iliyokuwa chumbani kwake. Dawa ya kupe nimeipeleka kwa Quinter ikae huko. Sitaki kuandika kwa nini.

Alice


Lodwar, 8 Julai 2025

Senge,

Niliposoma nilikupigia palepale. Ulisema yuko sawa, kwa ile sauti unayoitumia kukiwa na watu. Kwa hivyo barua hii anakuletea Kimutai wa ofisini kwetu, anapitia Mumias, nimemwambia akupe wewe mkononi.

Usingoje tena. Mpeleke Kakamega, hospitalini kuna kliniki ya afya ya akili na mtu hahitaji barua ya chifu kuingia. Nenda wiki hii. Waambie kuhusu kamba na dawa ya kupe kama ulivyoniambia mimi, tena waziwazi kuliko hivyo, na kuhusu mazishi ya Wangila. Daktari atamtazama na mshauri atakaa naye. Mtamkuta mtu asiyewajua. Najua hilo ndilo mnaloliogopa, lakini kwa Baba ndilo litakalofaa, maana mbele ya mtu huyo hana heshima ya kulinda. Kamati usiiambie kitu.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba nimenyimwa ruhusa ya kuja. Sentensi hiyo nimeikata. Sijaomba ruhusa. Nimekaa huku zaidi ya mwaka nikipiga simu nikijua kwamba mtu halali saa nne asubuhi kila siku. Naogopa, Senge. Nimesoma vitabu vingi kuhusu watu kama Baba na naogopa kuingia chumba kile nikakosa la kusema.

Mpeleke, tafadhali.

Risper


Matungu, 24 Julai 2025

Risper mwanangu,

Sisi ni wazima. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta kwanza.

Tumeenda. Kamati niliiambia nampeleka kupimwa macho, Mungu anisamehe. Babako alikuja bila ubishi, na ovaroli na buti, nami sikumwambia avue. Kliniki tulimkuta binti mmoja mdogo, si mkubwa kuliko wewe. Kabla sijakubali nilimhoji. Nilimuuliza kwao ni wapi, akasema Nandi. Nilimuuliza kama ana shangazi aliyeolewa Matungu, au Mumias, au Butere, au nyanya yeyote upande huu. Akasema, "Mama, sina hata rafiki." Anaitwa Chepng'etich. Nilimshukuru Mungu, nikamwambia huyo mtu wetu ni wake.

Nikaanza kumweleza habari. Nilikuwa nimefika kwenye mazishi na kwaya, akaniambia kwa adabu, "Nashukuru, Mama, sasa naomba utuache," akamshika babako mkono, akafunga mlango. Nilibaki kwenye benchi. Sijawahi kufungiwa mlango na mtoto wa umri huo, nikiwa nimebeba chakula cha mgonjwa mwenyewe. Niliweka sikio ukutani. Ni lile bovu, sikusikia kitu, na lile zima lilikuwa upande wa watu waliokuwa wakinitazama.

Walikaa. Daktari naye aliingia, akatoka. Kisha binti akafungua mlango akaniita mimi. Babako alikuwa ameelekea dirishani, anapangusa uso. Nilidhani naitwa kupewa maagizo ya dawa. Akaniketisha akaniuliza, "Na wewe, Mama, unalala?"

Nilifungua mdomo nimwambie nalala. Wewe unanijua, sijawahi kukosa jibu. Nikalia. Nililia mbele ya ndugu yangu na mbele ya mtoto wa watu, kamasi zikanitoka, nikashindwa kutafuta leso. Tangu mume wangu afariki nikarudi hapa kuangalia nyumba ya babako, watu wote wa Matungu wameniambia shida zao, nami nimewaambia la kufanya. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nalala. Mimi silali, Risper. Nasikiliza mlango wake. Na babako alitoka dirishani akaja akakaa kwenye kiti cha karibu nami.

Amepewa dawa, na atarudi kila Jumanne. Chepng'etich amesema itachukua muda na tusimsukume. Nilimuuliza, kwa niaba ya kamati, yeye alisomea ipi kati ya zako mbili. Amesema ushauri nasaha, na kwamba yule daktari wa chumba cha pili anafanya yale yeye asiyoyaweza, na wote wawili wanahitajika. Kwa hivyo hata hapo sikupata jibu la kukusaidia. Ila nakuambia hivi, usiulize kamati, na mimi usiniulize. Mimi nakujua sana kuliko inavyofaa.

Tulipotoka hospitali tuliingia hotelini tunywe chai. Mhudumu aliweka sukari karibu na babako. Aliitazama, akaisogeza, akasema, "Wangila hakuwekanga sukari kwa chai. Miaka yote tulikuwa ndani ya sukari mpaka kwa nywele, na hakuwekanga." Akanywa. Nilishika meza. Nadhani ndiyo hotuba aliyokosa kuitoa siku ile, na ilikuwa ndefu ya kutosha.

Jioni Osiako alikuja kuuliza macho yamesemaje. Babako akamjibu mwenyewe kutoka chumbani, "Hayakuwa macho." Osiako akauliza basi Cornelius alimwambia nini yule daktari. Nikamwambia sijui. Akasema haiwezekani, mimi nijue kila kitu cha nyumba hii. Nikamwambia tena sijui, na ni kweli sijui, na sitauliza. Hakutaka hata chai. Kikao kijacho hakina ajenda.

Senge wako,
Alice


Lodwar, 3 Agosti 2025

Senge yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama posta, mbele ya foleni, mpaka karani akaniomba nisogee. Nimelia pale pale na sikuona haya. Ulale sasa. Quinter anaweza kuja kulala hapo siku mbili tatu, mwombe, hatakataa.

Chuo nimewajibu siku ya mwisho ya Julai. Nimechukua ushauri nasaha, Kakamega. Masinde atahuzunika kwa ajili ya koti. Mwambie nimefikiria sana, na kwamba nilichokitaka tangu mwanzo ni kiti na mlango unaofungwa, na mtu wa kukaa naye humo mpaka aweze kusema. Watakuwa baba za watu wengine. Wa kwangu ana Chepng'etich, na sitaingia kati yao hata kwa swali moja.

Ruhusa nimeomba, na nimepewa siku hiyohiyo, jambo lililonitia aibu. Nafika Jumamosi. Bado naogopa, lakini si kama mwanzo. Nilikuwa nadhani lazima nifike nikiwa na la kumfanyia. Yule mtawa wangu wa Alhamisi aliniuliza, na kama huna la kumfanyia? Nilipotoka kwake nilienda moja kwa moja kuomba ruhusa.

Kamati isinipokee. Pasta asiombe. Chumba chake msikipange, wala msimvishe nguo nyingine. Nitakaa kitandani hapo karibu naye, na akinyamaza tutanyamaza wote wawili.

Mwambie tu Baba kwamba anayekuja ni mtoto wake, hakuna mwingine, na kwamba nimemkumbuka mno.

Risper